Wajane Walimwonyesha Petro Nguo

Somo: Matendo ya Mitume 9:36–43



Tangu tulipotangaza kwamba kikundi chetu cha kushona kitaanza kutengeneza mablanketi ya viraka kwa fulana za zamani, tumepokea maswali mengi kuliko fulana. Wengine wameuliza vipimo. Wengine wameuliza cherehani zitatoka wapi. Lakini swali lililorudi mara nyingi zaidi, tena kwa sauti ya chini wakati wa chai baada ya ibada, ni hili: je, ni halali kwa Mkristo kuzikata nguo za marehemu na kujifunika nazo? Mama mmoja alisema wazi kwamba kwao huo ni uchuro. Mzee mmoja aliogopa tusije tukaanza kuwaabudu wafu kwa njia ya cherehani. Waliouliza ni watu tunaowaheshimu, na swali lao ni zito. Basi Jumapili hii tumeona tulipeleke kwenye Neno.

Mnakijua kisa cha Tabitha, ambaye kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi, yaani paa. Aliishi Yafa, mji wa bandari kama Tanga au Mombasa kwetu. Siku hizi umeunganishwa na Tel Aviv. Miji ya bandari haikosi wajane, na Tabitha alikuwa mtu wao. Akaugua, akafa. Waamini wakasikia kwamba Petro yuko Lida, mji wa jirani, wakatuma watu wawili wamwombe aje upesi. Alipofika wakampandisha chumba cha juu, na hapo Luka anatuonyesha jambo ambalo wengi tunalipita haraka kwa sababu tunaukimbilia muujiza. Wajane walimzunguka mtume, machozi yakiwatoka, na mikononi walikuwa na nguo. Huyu anainua kanzu yake, yule anafunua vazi la juu. Zote zilikuwa zimepita kwenye sindano ya Tabitha.

Hawakumsomea Petro wasifu wa marehemu. Hakuna aliyesimama kueleza kwamba alizaliwa mwaka fulani, akapata elimu ya msingi mahali fulani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Walionyesha nguo, basi. Na Petro hakuwakemea. Kweli aliwatoa chumbani ili apige magoti na kuomba, kama Bwana mwenyewe alivyowatoa watu nyumbani kwa Yairo. Lakini hatusomi popote kwamba aliwaambia wazitupe nguo zile, wala kwamba kulia juu ya kitambaa ni upungufu wa imani.

Sisi tunaofanya kazi wodini tunakijua chumba kile cha juu. Luka anasema kwanza walimwosha. Nasi tunaosha. Tunachana nywele, tunabadilisha shuka, tunafungua pazia, kisha tunaita ndugu waingie. Na mara nyingi kinachofuata ni kilekile cha Yafa: mtu anatoa simu mfukoni na kutuonyesha picha. Mgonjwa wetu wa wiki sita, tuliyemjua kwa namba ya kitanda na dawa zake za saa nne, kumbe alicheza ngoma kwenye harusi ya binti yake, kumbe alisimama Uwanja wa Taifa amevaa jezi ya Yanga. Wanataka tujue kwamba mtu wao hakuwa huyu aliyelala hapa tu. Halafu tunawakabidhi mfuko wa vitu vyake: miwani, chaja, kitambulisho, kanga, fulana aliyokuja nayo. Wanasaini fomu. Na tumeona mara nyingi, kabla hawajafika kwenye lifti, mkono unaingia mfukoni, fulana inatoka, inapelekwa puani.

Kwa hiyo tunaanza na jibu fupi: nguo ya marehemu si sanamu. Sanamu ni kitu unachokiomba kikupe. Wajane wa Yafa hawakuziomba nguo zile kitu chochote. Walizionyesha kama ushahidi wa jinsi walivyopendwa. Atakayelifanya blanketi liwe la kumponya, au la kumkinga na husuda, huyo atakuwa amepotea, na tutamwambia hivyo kwa upendo. Lakini anayelitandika kitandani mwake na kusema hapa ndipo baba alipomwagia chai fulana yake ya Arsenal, huyo hajatenda dhambi.

Kuhusu uchuro, tusiidharau desturi ya nyumbani, maana ina hekima kuliko tunavyodhani. Katika jamii zetu nyingi, matanga yakiisha, ndugu hukaa pamoja na nguo za marehemu zikagawanywa. Shangazi anachukua kitenge, mjomba koti, mpwa viatu hata kama vinambana. Mzigo ambao mtu mmoja asingeweza kuubeba unavunjwa vipande na kubebwa na ukoo mzima. Na siku utakayomwona mpwa kanisani na koti lile, utashtuka kidogo, kisha utafurahi.

Sasa hapa London ukoo uko wapi? Mjane anabaki na watoto wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Hakuna shangazi wa kuja kugawa. Mifuko myeusi minne inasukumwa chini ya kitanda, inakaa mwaka, inakaa miwili. Halafu siku moja, kwa kuchoka au kwa kuhama, inapelekwa kwenye duka la hisani. Tunaojua safari ya mitumba tunajua inakoweza kuishia: nguo ambazo haziuziki hapa hubanwa kwenye marobota ya takriban kilo 45, zinapanda meli, na baada ya miezi fulana ya baba inaweza kuwa imetundikwa Gikomba, au Karume pale Ilala, au Owino, ikisubiri mteja. Hatusemi ni vibaya. Wengi wetu tulisomeshwa kwa mtumba, na tuliuvaa kwa fahari. Lakini tunaona uchungu wake: nguo imerudi nyumbani bila jina, ikapita karibu na ndugu zake, nao hawakuitambua.

Familia moja ya hapa kwetu ilitufundisha namna nyingine. Mama yao alifariki, akaacha watoto watatu, wote wamezaliwa au kukulia hapa. Mama mdogo alikuja kutoka Mwanza kwa mazishi, na kabla ya kuondoka akaomba nguo zote za dada yake ziende nyumbani zikagawanywe kama inavyopasa. Watoto wakakataa. Yule mkubwa alisema maneno ambayo hayakupendeza masikioni mwa mzee, kwamba nyumbani wanakosema ni nyumbani kwa mama, si kwao, na kwamba wao hawana hata kaburi karibu. Pakawa na baridi ndani ya nyumba ile. Mama mdogo alikuwa na haki: bibi yao kule alikuwa anangoja kushika kitu cha mwanawe. Watoto nao walikuwa na haki. Tulikaa nao jioni mbili, tukaomba, tukanywa chai nyingi sana. Mwishowe vitenge, magauni, viatu na lile koti zuri la ibada vilikwenda Mwanza. Fulana 16 zilibaki: za kwaya, za kazini zamu za usiku, moja ya mbio za hisani alizotembea badala ya kukimbia, moja aliyolalia mpaka ikatoboka bega. Watoto wakaongeza nne zao wenyewe, zikawa 20. Na kabla ya kuondoka, mama mdogo alikata upande wa kitenge kimoja na kuuacha, ushonwe katikati. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, hakuna aliyemwomba.

Mnakumbuka mawe 12 ambayo Yoshua aliyasimamisha Gilgali baada ya kuvuka Yordani? Yaliwekwa ili watoto waulize. Watoto wetu hapa wengi hawaulizi, kwa sababu hawaoni cha kuulizia. Picha ziko kwenye simu, na simu ina namba ya siri. Blanketi liko kitandani, na mtoto wa miaka minne atakiwekea kidole kile kiraka chenye tundu na kuuliza hii ni nini.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana walioulizia vipimo nao wana haki ya kujibiwa. Fulana 20 zinatosha blanketi la kitanda kimoja: safu tano za viraka vinne. Zifueni, lakini msitie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaizuia gundi kushika. Gundi ipi? Kitambaa cha fulana kinavutika, na ukikishona hivyo hivyo kitakwenda upande kama mkeka uliosukwa na mtoto. Kwa hiyo nyuma ya kila kiraka tunabandika kwa pasi kile kitambaa chembamba chenye gundi ambacho mafundi hukitia kwenye kola. Kata kipande kikubwa kwanza, bandika, ndipo ukate mraba kamili wa inchi 15 kwa kufuata kadibodi. Pasi isiguse maandishi ya fulana. Weka karatasi ya kuokea juu yake, la sivyo jina la kwaya litahamia kwenye pasi. Mshono ni robo inchi. Sindano iwe ile ya ncha butu ya vitambaa vinavyovutika, isiyotoboa nyuzi.

Viraka vikishaungana mtapata karibu sentimita 147 kwa 184. Na hapa tumegundua jambo lililotufurahisha kuliko tulivyotarajia. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiziunganisha kanga mbili za doti moja kwa upande wao mrefu, bila kuzikata, unapata upande wa chini wa blanketi hilo, kana kwamba aliyepima kanga alijua tutakuja kuhitaji. Maneno ya kanga yanabaki yanasomeka. Wazee wa pwani wana neno mfarishi kwa tandiko la namna hii lenye tabaka. Sisi tumezoea kusema blanketi la viraka, na vijana wanasema kwilti. Liiteni mtakavyo. Katikati tunatia pamba iliyotandazwa, na badala ya kushona juu yote kwa cherehani, tunafunga fundo la uzi mnene kwenye kila kona ya kiraka. Tumechagua mafundo kwa makusudi. Si kila mtu anaweza kuendesha cherehani, lakini fundo hata mtoto anaweza, hata babu mwenye mikono inayotetemeka anaweza akishikiwa uzi.

Neno moja kutoka kwetu wauguzi: asilazimishwe mtu. Fulana ikishakatwa hairudi. Hatushauri kukata kabla matanga hayajaisha na ndugu hawajarudi makwao, na kama bado kuna nguo unayoinusa usiku, hiyo usiifue wala usiilete. Ifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, uiweke. Hakuna kipimo cha miezi. Tumewaona watu waliokuwa tayari baada ya wiki nane, na tumemwona mmoja aliyehitaji karibu miaka thelathini.

Habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike ujumbe huu mrefu kuliko kawaida.

Juni 2025, kuanzia tarehe 12 hadi 16, katika Ukumbi wa Turbine wa Tate Modern, lilitandazwa sakafuni Blanketi la Kumbukumbu ya UKIMWI la Uingereza: mablanketi 42 na vipande 23 vilivyo peke yake, vyote vikiwakumbuka watu 384. Kazi ile ilianza Marekani. Mwaka 1985 huko San Francisco waandamanaji walibandika ukutani mabango ya majina ya waliokufa, na Cleve Jones akayatazama akaona yanafanana na blanketi la viraka la bibi. Oktoba 1987 vipande 1,920 vikatandazwa Washington. Mwaka 1989 Alistair Hulme wa Scotland akaileta kazi hiyo huku. Kila kipande ni futi sita kwa tatu, ukubwa wa kaburi. Vingine vimeshonwa na mama, vingine na rafiki, vingine na wauguzi waliokuwa watu wa mwisho kushika mkono wa mgonjwa.

Baadhi yetu tulikwenda. Tulitembea polepole tukisoma majina. Dada yetu mmoja hakusema neno njia nzima ya kurudi. Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye kikundi na mfuko mdogo, na ndani yake fulana ya kaka yake, aliyekufa katika hospitali ya hapa London miaka ya tisini. Wakati ule ilisemwa ni nimonia, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kila mtu alijua. Mazishi yalifanyika haraka. Jina lake halikutajwa tena kwenye maombi ya familia. Dada yetu aliishika fulana ile akatuuliza: na hii nayo inaruhusiwa?

Hatukumjibu sawasawa siku ileile, maana palikuwa na wenye maoni. Mmoja alisema tushone jina bila kueleza lolote. Mwingine akahofia watu watauliza. Tulirudi kwenye somo letu, na tukaona kitu. Luka, Paulo anamwita tabibu katika waraka kwa Wakolosai. Alikuwa mtu wa kazi kama yetu. Huyu ndiye, mwanzoni mwa Injili yake, anayetuambia kwamba mkwewe Petro alikuwa na homa kali. Lakini anapofika kwa Tabitha anasema aliugua akafa, na hapo anaweka nukta. Ugonjwa gani? Hakuandika. Wajane nao hawakumweleza Petro. Kilichoandikwa ni jina lake, kwa lugha mbili, na nguo zake.

Kwa hiyo kikundi kiliamua, na wazee wa kanisa wamekubali: blanketi halina safu ya sababu ya kifo. Aliyekufa kwa UKIMWI, kwa pombe, kwa mkono wake mwenyewe, aliyekufa gerezani, aliyekufa akiwa hana kibali cha kuishi hapa na hakuna aliyejua jina lake kamili, fulana yake itapokelewa kama ya mzee wa kanisa. Kama familia inataka kueleza, ieleze. Kama haitaki, hakuna atakayeichimba. Lakini jina litashonwa lote, na litasomwa kwa sauti siku blanketi litakapoletwa mbele ya madhabahu. Fulana ya kaka yule iko safu ya pili. Ni ya buluu.

Ni vizuri watoto wetu wajue kwamba kumbukumbu za namna hii si jambo geni kwa watu wetu. Katika miaka ya 1990 shirika la watoto la Barnardo's hapa Uingereza liliwasaidia akina mama wenye VVU, na miongoni mwao Waafrika, kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto ambao walidhani hawataishi kuwalea: bibi yako ni nani, ulipozaliwa ilikuwaje, chakula gani ulikitema. Chama cha NACWOLA, cha wanawake wa Uganda wanaoishi na VVU, kikaichukua kazi hiyo kikaieneza vijijini. Akina mama wa kwetu walifanya hivyo wakati wengi makanisani tulikuwa tunaogopa hata kutaja ugonjwa.

Na kwa kuwa tumetaja: mambo yamebadilika. Matibabu ya VVU hapa England ni bure kwa kila mtu tangu 2012, bila kujali hali yake ya uhamiaji, na kipimo ni bure pia. Anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ndoa. Mwenye swali atuone, tunajua kutunza siri. Ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Si lazima fulana iwe ya marehemu. Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo kila mwaka na kuipeleka Shilo, na tunafikiri zile kanzu alizoziacha kila mwaka alipokua alizitunza mahali fulani, ingawa Maandiko hayasemi. Wazazi mnaompeleka mtoto chuo mwezi Septemba, zile fulana za shule ya msingi, za kambi ya vijana na za timu ya mpira zilizojaa darini zinaweza kwenda naye zikiwa kitu kimoja cha kujifunikia. Kwaya ya vijana nayo imeahidi kutuletea fulana za zamani za kila safari.

Tunakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, ukumbi mdogo wa nyuma. Cherehani tatu zipo. Ya nne inahitaji mkanda. Leteni fulana zilizofuliwa, mkasi unaokata kweli, na karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kila fulana kwa pini, yenye jina kamili la mwenyewe kama mnavyotaka lishonwe. Mama mdogo yule wa Mwanza ametuma jina la bibi pia, kwa ujumbe wa sauti, akilitamka taratibu mara mbili ili tusikosee herufi.